Mtamba wa Mguu wa Baba

Juzi, stendi ya Tarime, nilimwona mzee akishuka kwenye basi kwa magongo, na pua yangu ikanusa tena samadi ya zizi letu la Kisaka.

Alasiri moja nilipokuwa mtoto, baba, aliyeachia mguu vitani, alirudi na mtamba mwekundu.

"Serikali imelipa fidia ya mguu wangu," alimwambia mama. "Fidia yenyewe huyu hapa."

Nilimzunguka yule mtamba nikikagua kwato zake, huku nikimwonea huruma.

"Baba, utachukua mguu upi?"

Alicheka mpaka gongo likamponyoka.

"Yote minne, mwanangu. Itakupeleka shule."

Mtamba alipozaa, mama aliuza maziwa, mimi nikasoma. Leo nikiingia darasani kufundisha, najua ni mguu wa baba ulionifikisha.