Nailoni Ndani ya Mota

Kiwanda cha minofu ya sangara kilipofunguliwa Nyakato, karibu na ziwa, miaka ile ya soko huria, tuliletewa meneja ambaye sifa yake kubwa ilikuwa tai. Mimi nilikuwa fundi umeme, mwanamke pekee karakana nzima.

Mota ya pampu ya ukumbi wa kuoshea samaki iliungua. Fundi mzee aliyekuwa akisuka upya koili zake aliomba karatasi ya poliesta ya kutenganisha waya na chuma. Meneja akaenda mjini, akarudi na nailoni ya bei nafuu, akaitupa mezani.

"Plastiki ni plastiki," alisema.

Nilimweleza, kwa upole ninaouonea haya leo, kwamba molekuli ya nailoni ina sehemu zenye chaji chanya kidogo na nyingine hasi kidogo. Maji nayo yako hivyo, kwa hiyo huvutana, na nailoni hunywa unyevu. Ikishalowa, molekuli hugeukageuka kila umeme unapobadili mwelekeo, joto linapanda, na umeme unaanza kuvuja. Poliesta hainywi maji kiasi hicho. Alinisikiliza huku akitazama saa yake, kisha akauliza kama nimekuja kufundisha au kufanya kazi. Fundi mzee alikohoa, akaanza kuikata nailoni.

Karakanani, pakavu, mota ilizunguka vizuri. Meneja akanipigia makofi ya kejeli. Ukumbini, ambako maji hutiririka kutwa, ilidumu siku tisa. Siku ya kumi mama mmoja mkata minofu aliigusa, ikamrusha sakafuni. Waya wa ethi, ule wa kupeleka ardhini umeme unaovuja, ulikuwa umeliwa na kutu. Huo nao meneja alikuwa amesema ungoje kubadilishwa. Mama alipona, lakini vidole viwili vya mkono wa kulia vikafa ganzi.

Niliifungua mota mbele ya wafanyakazi, nikapima kipande cha nailoni kilicholowa. Sindano ya kipimo ikalala karibu na sifuri: hakuna kinachozuia umeme. Nikapima kipande kikavu, ikapanda. Wote walielewa, isipokuwa mwenye tai. Yeye alitaka niandike kwenye ripoti kwamba hewa ya ziwa ndiyo iliyoharibu mota.

"Bosi, ziwa lilikuwepo uliponunua nailoni," nilimwambia. Sikuandika.

Hakunifukuza, maana hakuwa na fundi umeme mwingine. Wiki iliyofuata poliesta ililetwa, na wageni wa makao makuu walipofika aliwaeleza, akiishikashika kama nguo ya harusi, jinsi alivyogundua ubora wake. Wakamsifu.

Yule mama alirudi kazini baada ya mwezi, akajifunza kukata kwa mkono wa kushoto.