Salha na Baridi Yake ya Karatu

Mtu wa Tanga akikuambia Karatu hakukaliki kwa baridi, mwache aseme. Salha naye alisema hivyo hivyo, tena kwa machozi, mwaka ule mumewe Matano alipomhamishia huku waje wafungue duka. Ilikuwa Julai. Asubuhi ya kwanza alitoka uani, akaona moshi unamtoka mdomoni, akarudi ndani mbio akipiga kelele, "Matano wee, nakufa, naungua ndani!" Matano alicheka hadi akakaa chini.

Miaka ishirini na sita imepita, na siku hizi ole wako uiseme vibaya baridi mbele ya Salha. Atakuambia kwamba kwao alikuwa analala na kanga moja, huku anajipepea, na anaamka amechoka kuliko alivyolala. Huku akishajizika chini ya mablanketi, anasikia matone ya ukungu yanadondoka kutoka kwenye bati, na usingizi unamchukua hapo hapo. Maziwa yanakaa siku mbili bila friji. Anapanda kilima cha sokoni na kushuka bila tone la jasho. Na chai! Chai ya pwani unaipuliza ipoe, ya Karatu unaikumbatia kwa mikono miwili. "Mungu kanipendelea," husema, na haoni haya kulirudia.

Kilichomtoa jasho ni vitumbua, maana ndiyo biashara yake. Unga ambao Tanga ungeumuka kwa saa moja, huku ulikesha umelala doro. Jirani yake Selestina, Mwiraqw mwenye shamba la ngano huko Rhotia, ndiye aliyemwonea huruma. "Sasa dada, wewe unalala na blanketi, huo unga unaulaza sakafuni? Upeleke kitandani!" Basi sufuria likawa linalala katikati ya Salha na mumewe, limefunikwa gubigubi. Tangu Matano afariki mwaka jana, linalala upande wake.

Edda ilipokwisha, akaja Ally, mdogo wake Salha, na shati la mikono mifupi, na ujumbe. Ndugu wamekaa kikao Tanga. Chumba kimeshapakwa rangi. Dada arudi.

"Shemeji hayupo," Ally alisema kwa upole, meno yakigongana. "Watoto Mungu hakukujaalia. Hapa umebaki na nani, dada?"

Salha hakutaka kuondoka, lakini angesema nini mbele ya kikao kizima cha ndugu wanaompenda? Kwamba anabaki kwa sababu ya baridi? Wangemwita kichaa, au wangesema amewatupa. Akamwambia watazungumza asubuhi. Akampa mgeni kitanda, akaliweka sufuria kwenye kochi na mablanketi yake mawili, mwenyewe akatandika godoro jikoni.

Alfajiri akakuta sufuria liko uchi, unga umetulia kama maji ya kisima. Chumbani Ally anakoroma chini ya mablanketi manne.

"Ally! Umeuvua unga blanketi?"

"Unga?" Ally akainuka, macho mazito. "Dada, mimi nilikuwa nakufa kwa baridi, wewe umelifunika sufuria?"

"Hicho ndicho chakula cha watu asubuhi hii, mwanaharamu mkubwa we!" Na alikuwa hajapata kumtukana tangu utotoni.

Nje wateja walishaanza kujipanga, wakipuliza viganja. Salha akatoka kichwa chini, akawaambia ukweli: unga haujaumuka, waende kwingine leo, wamwie radhi.

Hakuna aliyeondoka. Selestina, aliyekuja na kibakuli chake, akaingia ndani bila hodi akalitoa sufuria. "Kwangu jiko linawaka tangu saa kumi," alisema, akavuka nalo ua. Leonce, dereva wa bodaboda, akamfuata, akavua koti lake kubwa la manyoya, akalizungushia lile sufuria huku na huku karibu na moto, akaifunga mikono ya koti kwa mbele kama mtu anayemfunga mtoto shali. Kisha akarudi kusimama ukunguni na fulana yake, anarukaruka.

"Leonce, utaugua!" Salha alimwambia.

"Mama Vitumbua, nimekula kwako tangu niko la tatu. Saa moja itaniua?"

Walisubiri saa moja na zaidi. Mwalimu mmoja alichelewa zamu, akapiga simu shuleni akasingizia pancha. Ally alisimama mlangoni amejitanda blanketi, akiwatazama watu hao wasiokuwa na undugu wowote na dada yake, wanatetemeka na hawaondoki.

Unga ulipoumuka, Salha aliweka karai mekoni, na machozi yakawa yanamtoka waziwazi. "Nawapenda, Ally," alisema bila kugeuka. "Waambie ndugu wote nawapenda. Lakini siwezi kuondoka hapa, mdogo wangu. Siwezi."

Ally alikula vitumbua vitatu vya moto, kikombe amekikumbatia kwa mikono miwili, kisha akaenda pembeni na simu.

"Kaka, shikamoo," Salha alimsikia akisema. "Hapana, harudi. Hicho chumba mpeni mwingine. Dada nimemkuta yuko kwao."