Chini ya Kibaraza

Tangu kiwanda kilipompunguza kazini, Baba Mapacha alikuwa akijenga kibaraza cha mbao nyuma ya nyumba, ingawa useremala aliujua kwa kuusikia tu. Siku hiyo alikuwa amelala chali chini yake akikaza boriti, mkewe alipotoka na mdogo wake, wakaketi juu ya mbao, miguu yao ikiziba njia ya kutokea.

"Dada, hiki kitaisha lini?" shemeji akacheka. "Kimepindapinda kama njia ya mlevi."

"Usije ukamwambia," mkewe akajibu kwa sauti ya chini. "Kikiisha, nitamwomba banda la kuku."

"Kwani mnafuga kuku?"

"Hatufugi. Lakini bora agonge misumari kuliko kukodolea ukuta macho kutwa."

Baba Mapacha alibana pumzi. Vumbi lilimwingia machoni, na chafya akaimeza. Angetoka vipi sasa, na aseme nini?

Walipoingia ndani, alitambaa nje, akajikung'uta magoti. Mkewe akachungulia dirishani. "Ulikuwa wapi, Baba Mapacha?"

"Nilikwenda kutafuta misumari," alisema, kisha akaokota nyundo, maana hakuwa na pengine pa kwenda.