Kigogo Alichokalia Bwana Misitu

Mama Tupa, mchonga vinyago, alikuwa na hasira za karibu, na siku hiyo zilimpanda mara mbili. Kwanza alimfuma mpwa wake akipaka vinyago vya mjohoro dawa ya viatu ili wateja wadhani ni mpingo. Hajamaliza kumfokea, bwana misitu akaingia, akashika kinyago kimoja, akakalia kigogo cha mlangoni na kufungua daftari.

"Mpingo wote huu! Miti inakwisha kwa sababu ya watu kama ninyi!"

Mama Tupa aliuma meno. Miaka kumi na moja hajagusa mpingo, maana kule baba yake alikokuwa akiukata hakujabaki hata mche. Kilichobaki ni kigogo kile tu, urithi wake, na hajathubutu kukichonga. Akinyamaza, kitabaki; akikitaja, kitachukuliwa, maana hakina kibali.

"Hebu inuka," alisema.

"Mama, niko kazini."

"Inuka, nimesema!" Alikita patasi kwenye kigogo, akabandua gome, akapita weupe wa nje mpaka weusi ukatokea. "Huu ndio mpingo. Unakomaa kwa miaka sabini. Hicho ulichoshika ni mjohoro, unaota hata nyuma ya choo cha ofisi yenu. Tazama mkono wako!"

Bwana misitu akatazama. Kiganja kizima kilikuwa cheusi kwa dawa ya viatu.

"Haya, kichukue kigogo changu," alisema Mama Tupa. "Ila uandike na hili: mti unaolipwa kuulinda, umeukalia usiujue."