Mtu wa Kwenye Kaseti

Jina alilopewa na mama yake lilisahaulika mapema. Mtaa mzima ulimwita Sindano, kwa sababu alikuwa dijei wa mwisho kubeba santuri na sindano ya kuzichezea, wakati wenzake wakija ukumbini na kompyuta kwapani kama makarani. Siku za kazi alikuwa na kiduka cha fotokopi na picha za paspoti. Mwisho wa wiki alipiga muziki kwenye sherehe. Lakini ukimuuliza anafanya kazi gani, asingekutajia fotokopi wala sherehe. Angekutazama kwa jicho la huruma kidogo, halafu angekwambia: "Mimi nachimba sauti."

Kuchimba sauti kwenyewe hakuna utukufu wowote. Unakwenda kwa wauza vyuma chakavu, unapiga magoti kwenye vumbi, unapekua maboksi ya waya na redio zilizokata roho, ukitafuta kaseti au santuri ambayo hakuna mwingine aliye nayo. Ukiipata, unaisikiliza mpaka ukutane na kipande kidogo kinachokusisimua. Unakikata, unakirudiarudia, unakiwekea ngoma chini yake, na hapo umeshapata wimbo mpya. Sindano aliijua kazi hiyo, tusimnyime haki yake. Aliwahi kuchukua mluzi wa mpiga gitaa asiyejulikana akautengenezea muziki wa kuingizia maharusi, na watu wazima wakatokwa na machozi. Chumba cha pili cha nyumba yake kilijaa maboksi hadi darini. Mke wake alizoea kuwaambia wageni kwamba wenye nyumba ni kaseti, wao wawili ni wapangaji tu.

Ile kaseti aliikuta ndani ya boksi la soketi za umeme. Juu yake palikuwa na neno moja la penseli, "Mazoezi", basi. Aliipeleka dukani, akaitia kwenye redio wakati hakuna mteja. Kwanza ulikuja mvumo. Kisha gitaa likawekwa sawa, mtu akakohoa, na sauti ya kijana ikakaribia kipaza sauti: "Hu-hu-hu-huu... huu wi-wi-wi..." Nyuma yake mtu mwingine akacheka.

Sindano akarudisha nyuma, akasikiliza tena.

Hapa tuseme ukweli, maana yeye mwenyewe alichelewa kuusema. Alijua. Tangu mara ya kwanza alijua kuwa hicho ni kigugumizi, kwamba huyo ni mtu anayehangaika kulitoa neno na neno limegoma. Shuleni alikaa dawati moja na mtoto mwenye kigugumizi, na anakumbuka vizuri walivyokuwa wakimfanyia. Lakini mguu ulikuwa umeshaanza kugonga sakafu. Akajiambia mwenye sauti pengine alishakufa, au yuko mbali, au angefurahi kujisikia. Mtu akikitaka kitu hakosi sababu.

Kabla ya kufunga duka alikuwa ameshakikata kipande hicho kwa mashine yake ndogo ya kunasia sauti. Aliiongeza sauti kasi kidogo ili ilie vizuri, akaweka ngoma, kisha akaacha nafasi ya watu kuitikia. Kaseti inasema hu-hu-hu-huu, ukumbi unajibu "Huu!", na hapo ngoma inashuka. Mara ya kwanza alipoupiga, watu waliacha sahani zao mezani. Ndani ya muda mfupi wimbo ulikuwa kila mahali. Watoto waliuimba wakienda shule. Simu zililia kwa wimbo huo. Wauza mitumba waliutumia kuita wateja: mmoja anagugumia, wenzake wanajibu, wote wanakufa kwa kicheko. Wimbo ukaitwa Huhuhu, na Sindano akaitwa redioni.

"Hebu tuambie," mtangazaji alimuuliza, "hiyo sauti ni ya nani?"

Angeweza kusema hajui. Badala yake akajikohoza kidogo, kama mtu mwenye siri kubwa, akasema huyo ni mkongwe mmoja wa zamani, bingwa wa kupiga ngoma kwa mdomo, na kwamba yeye Sindano ameisaka kaseti hiyo sehemu nyingi mno. Uongo ulimtoka laini, hata hakutoa jasho. Alivyozidi kuurudia kwa watu, akaanza kuuamini. Kichwa kikavimba, na wateja wa picha za paspoti wakawa wanasubiri amalize kusimulia ndipo awapige.

Siku moja mama mmoja aliingia dukani akaketi bila kukaribishwa. Alikuwa dada yake Fundi Saa. Fundi Saa huyo alijulikana na kila mtu. Kibanda chake cha kioo kilikuwa mlangoni pa soko, na yeye alikaa humo na lenzi jichoni toka asubuhi. Ukimpa saa anaigeuza, anakuandikia bei kwenye kikaratasi, unaondoka. Ukirudi anakupa saa yako na kukuinamishia kichwa. Wengine walisema ana maringo, wengine walisema ni mpole tu. Mke wake alifariki binti yao akiwa bado anatambaa, na alimlea peke yake. Sasa binti huyo alikuwa anaolewa, na shangazi mtu ndiye aliyeshika usukani wa sherehe.

"Na ule wa Huhuhu usikosekane," alisema, baada ya kutaja nyimbo zote azitakazo. "Tukiukosa, vijana watatutafuna wazima wazima."

"Huo hauwezi kukosekana, mama. Huo ni wangu."

"Haya." Mama akavuta kiti karibu, sauti ikashuka. "Kuna jambo jingine. Kaka yangu atasema neno siku hiyo. Mimi nilimwambia nitasema kwa niaba yake, kakataa katakata. Tangu huyu mtoto azaliwe, kaka yangu hajasimama mbele za watu. Kwa hiyo akishika maiki, zima kila kitu. Usimharakishe, mwanangu. Nakuomba."

"Usijali, mama. Ondoa shaka kabisa."

Akadhani ni haya za watu wa makamo. Wala hakuuliza.

Sherehe ilifanyika alasiri, kwenye ukumbi wa viti vya plastiki vilivyovalishwa vitambaa na kufungwa tai nyuma. Sindano alipanga mitambo yake karibu na jukwaa, akabandika waya sakafuni watu wasijikwae. Aliuanza Huhuhu mapema kuamsha watu, na watu wakaamka kweli. Meza kwa meza zilijibu. Bibi harusi mwenyewe alijibu, mkono juu, ameshikwa na kicheko. Kando yake Fundi Saa, ndani ya suti iliyompwaya mabegani, alikuwa akitazama vidole vyake. Sindano alimwona, akawaza kwamba wazee hawapendi makelele.

Baadaye mshereheshaji akatangaza: "Mabibi na mabwana, baba mzazi!"

Sindano akazima kila kitu, kama alivyoahidi. Kidole akakiacha karibu na kitufe cha mashine iliyobeba Huhuhu, kwa mazoea, kwani baba akimaliza muziki lazima udake hapohapo. Fundi Saa akasimama. Alipokea kipaza sauti kwa mikono miwili. Akamtazama binti yake, akavuta pumzi, na wale waliozoea kuandikiwa bei kwenye vikaratasi wakanyoosha shingo wasikie sauti yake ikoje.

"Hu..." alisema.

Ukumbi ukatulia.

"Hu-hu-hu-huu..."

"HUU!" ukumbi mzima ukajibu.

Na kidole kikabonyeza. Kidole cha dijei hakiombi ruhusa kichwani. Kwa miaka yote ya kazi kilifundishwa kwamba watu wakijibu, ngoma inashuka, na ngoma ikashuka, nzito, kwenye spika zote. Kwa kitambo hicho kifupi Sindano alifurahi, na hilo ndilo ambalo baadaye lilimkosesha raha kuliko mengine yote. Alidhani mzee ametania. Mzee mjanja kumbe! Hata alicheka, akapunga mkono juu, na watoto wakakimbilia katikati kucheza.

Kisha akauona mdomo wa Fundi Saa. Ulikuwa bado unajaribu. Macho ameyafumba, mshipa wa shingo umesimama, midomo inalisukuma neno lilelile, na kabla ya kila msukumo anavuta pumzi fupi, kama mtu anayetaka kuruka mfereji. Sindano aliijua pumzi ile. Aliisikia kila siku. Aliikata mwenyewe, kwa mkono wake, akaipima ikae sawa na ngoma.

Akazima, lakini ukumbi uliendelea bila ngoma kwa muda, hu-hu-hu-huu, Huu, mpaka shangazi mtu aliposimama na kupiga meza kwa kiganja. Fundi Saa akafumbua macho. Akakigeuza kipaza sauti, akatafuta swichi yake, akaizima, akakilaza juu ya kitambaa polepole kama anavyolaza saa ya mteja. Akaketi.

"Mzee naye kumbe wa mjini!" mshereheshaji akadakia, na watu wakapiga makofi kwa furaha ya kweli. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya ukumbini mle. Bibi harusi hakupiga makofi. Alikuwa amemgeukia baba yake, mdomo wazi.

Sindano alitamani ardhi ipasuke immeze na mitambo yake. Mkono ulikwenda kwenye maiki, akaushusha. Angesema nini? Kwamba sauti mnayoicheka ni ya huyu hapa? Angemtaka radhi mzee huku akimwonyesha kwa kidole mbele ya wakwe. Hata njia ya kutubu ilikuwa imezibwa, na aliyeiziba ni yeye. Akaweka muziki wa taratibu, akazunguka nyuma ya meza kuu, akachuchumaa kando ya kiti cha Fundi Saa.

"Mzee, nisamehe. Sikujua."

Fundi Saa hakugeuka. "Hu-hukujua nini?"

Swali lenyewe lilikuwa dogo, lakini Sindano alilizunguka pande zote asione pa kutokea. "Sikujua kama ni wewe, mzee."

Mzee akavuta ile pumzi. Sindano akaona neno linakuja na kukwama, akasikia hamu ya kumsaidia kulimalizia, akajiuma ulimi.

"U-ulijua ni m-m-mtu," Fundi Saa alisema.

Hapo Sindano akanywea. Aliyatazama magoti yake mwenyewe. Kisha akabembeleza: "Simama tena, mzee wangu. Nitachomoa nyaya zote. Nitawanyamazisha mwenyewe, useme ulichotaka kusema."

"Ni-nimeshasema." Kwa mara ya kwanza mzee akamwangalia. Hakuwa na hasira, na afadhali angekuwa nayo. "Ki-kila siku nasema. Nakaa pale so-sokoni, nasema. Wa-wananijibu."

Halafu akamshika binti yake begani, akamvuta karibu, akaanza kumwambia kitu sikioni. Alichukua muda mrefu. Binti hakutikisa kichwa wala kumharakisha. Sindano, ambaye maisha yake yote alitegesha sikio kwenye sauti za watu asiowajua, aliinuka akaenda zake ili asisikie.

Kwenye mitambo vijana walikuwa wameshamzingira. "Rudisha Huhuhu! Sindano, rudisha!" Akatikisa kichwa. Wakazidi. Mmoja akasema dijei amechoka, mwingine akaanza kuuimba kwa mdomo, na wengine wakamjibu, maana wimbo haukumhitaji Sindano tena. Aliweka wimbo mwingine, wakauzomea. Akaacha wauzomee.

Bibi harusi akaja katikati yao, gauni amelikusanya kwa mkono mmoja. Macho yalikuwa mekundu, lakini uso ulikuwa umechangamka kwa namna ambayo Sindano hakuitarajia. Alijiandaa kutukanwa. Alitamani atukanwe.

"Kaka, baba ananiambia ile kaseti ilikuwa ya kundi lao," alisema, akiinama ili asikike. "Pale alikuwa anautambulisha wimbo. Mwenye kuuimba ni mama."

Sindano akaushusha muziki ili amsikie vizuri.

"Mimi sijawahi kuisikia sauti yake," binti aliendelea. "Hata mara moja. Baba alidhani kaseti zote zilitupwa. Bado unayo?"

"Ninayo, dada. Iko nyumbani, nzima kabisa. Kesho asubuhi naileta mwenyewe, nakuapia."

"Asante." Akafuta shavu kwa kiganja, akacheka kidogo, kisha akasogea karibu zaidi kwa sababu vijana walikuwa wameshaanza tena, hu-hu-hu-huu. "Lakini wewe umemsikia. Niambie basi. Anaimbaje?"

Sindano alifungua mdomo. Kwa watu wa redio alikuwa na maneno, kwa wateja alikuwa na maneno, hata uongo ulikuwa tayari pale, laini kama siku zote: angesema ana sauti tamu, nani angebisha? Binti alikuwa anamsubiri, macho yamekaa kwenye midomo ya Sindano.

"Sijui, dada," akasema. "Nilipopata nilichokitaka, niliizima."