Fundi Niko Njiani

Mume wangu ni fundi friji, na kwa hilo sitaki mtu abishe: friji ikimshinda yeye, itupe. Anaweka sikio mgongoni mwa mashine, anaigonga mara mbili, anakuambia kilichokufa. Ni mwaminifu, hagusi hata sindano ya mtu. Lakini mpigie simu umuulize yuko wapi, anageuka mwongo wa kutupwa. "Niko njiani," anasema, na povu la sabuni bado liko masikioni. Wateja wakambandika jina Niko Njiani, naye akaona ni sifa.

Miaka tisa alijifanyia kazi kibarazani kwetu, akichelewa anamalizana na mteja wake hapo hapo. Ndipo kampuni moja inayotunza friji za maduka ya dawa ikamchukua kwa majaribio ya miezi mitatu. Sare ya bluu akawa anaipiga pasi mwenyewe, mtu ambaye hakuwahi kujua pasi inakaa wapi. Aliitaka ajira ile kufa na kupona. Alichoka kuwa "yule fundi wa geti jekundu". Alitaka likizo, alitaka wenzake wa kazi, alitaka kitu cha kuandika kwenye fomu za shule za watoto, pale wanapouliza mwajiri wa baba.

Wiki ya tatu msimamizi wake akamwita. Malalamiko mawili, yote ya aina moja: fundi anasema yuko njiani, hafiki. "Mikono yako sina neno nayo," msimamizi akamwambia. "Ila likija la tatu, sare unairudisha."

Alirudi nyumbani mnyonge. Nilimwonea huruma, na hasira pia nilikuwa nayo, wala sikuificha.

"Kwani ukisema ukweli utaungua mdomo?"

"Mke wangu, mteja akisikia bado uko nyumbani roho inamuuma. Ukimwambia uko njiani, anatulia."

Yaani hakuwa anatania. Miaka yote hiyo mwenzangu alidhani ile ni adabu.

"Anatulia mpaka lini?" nikamuuliza. Akajifanya anatafuta soksi.

Zikabaki siku nane za majaribio. Asubuhi hiyo pikipiki iligoma kuwaka, akaifungua pale mlangoni, mikono ikawa grisi tupu. Saa mbili simu ikaita, nikamshikia sikioni. Alikuwa mama mwenye duka la dawa, ana sauti ya mwalimu wa zamu: friji imezima tangu alfajiri, imejaa insulini. Fundi uko wapi?

Nikaona midomo yake inajiandaa kwa lile neno lake. Nikamtolea macho, yale ninayowatolea watoto mbele ya wageni.

"Bado niko nyumbani, mama," akasema, kwa sauti ya mtu anayekiri wizi. "Pikipiki imenigomea. Kabla ya saa sita sitafika. Hizo dawa zisinisubiri mimi, zitafutie friji nyingine sasa hivi."

Mama yule alimpa vidonge vyake, na havikuwa vya dukani. Akakata. Mume wangu akakaa chini kwenye ngazi.

"Basi. Kazi imeishia hapo," akasema.

Nami nikajilaumu, maana macho yale yalikuwa yangu. Alifika dukani saa sita kasoro dakika tano, akaitengeneza friji, lakini lalamiko likaandikwa vilevile.

Siku ya mwisho ya majaribio msimamizi alikuwa nalo mezani. Akasoma: fundi amechelewa asubuhi nzima. Mume wangu akaanza kujieleza, akaambiwa tulia, haijaisha. Dawa zote zimepona, aliandika yule mama, zilihifadhiwa kliniki ya jirani kwa kuwa niliambiwa mapema. Mwaka jana fundi mwingine alinidanganya, nikamsubiri, nikatupa dawa za wagonjwa wangu. Friji yangu ikiharibika tena, nileteeni huyu huyu.

Msimamizi akamsukumia mkataba na kalamu.

Jioni ya juzi alinipigia. "Mke wangu, kazi huku bado mbichi. Nitafika saa tatu. Kuleni."

Tukala, mimi na watoto, chakula kikitoka mvuke. Miaka kumi na moja ya ndoa, sikuwahi kumpenda mtu ambaye hayupo mezani kama nilivyompenda jioni ile.