Aliyembemenda Yona

Nilipokuwa mtoto, kijijini kwetu kaskazini ya Msalato, hakuna mtoto mchanga aliyeugua njaa. Njaa ilikuwa ya wakubwa. Mtoto akikonda, akachelewa kutembea, jibu lilikuwa moja tu: kabemendwa. Yaani wazazi wameshindwa kujizuia kabla hajaacha ziwa, au mmoja wao katoka nje ya ndoa kisha akaja kumshika mtoto. Na waliposema wazazi, walimaanisha mama.

Mdogo wangu Yona alikuwa na mwaka na miezi mitatu mama alipogundua ana mimba nyingine. Akamwachisha ziwa siku hiyohiyo, maana maziwa ya mjamzito eti ni sumu. Mimi nilikuwa na miaka tisa. Nikafungiwa Yona mgongoni, nikaachiwa kikombe chake cha uji wa uwele wenye karanga, mama akaenda shambani.

Baada ya miezi miwili Yona alibaki kichwa na macho. Hapo ndipo wakaja. Shangazi Mwaja, dada yake baba, ambaye hakuwahi kumwogesha hata mtoto mmoja wa nyumba yetu, alikalia kigoda akawa anamminyaminya Yona kama mbuzi wa mnadani.

"Wifi, sema ukweli tumtibu mtoto. Ulitoka na nani?"

"Sijatoka na mtu. Mimba ni ya kaka yako."

"Kwa hiyo mlishindwa hata kungoja?"

Majirani wawili, waliokuja eti kutoa pole, wakahesabu miezi kwa vidole. Baba alikuwa palepale, anachokonoa meno. Kijiji kizima kilijua ana mwanamke huko mjini, mtaa wa Kizota, karibu na karakana alikokuwa anachomelea mageti. Kwa imani yao wenyewe yeye ndiye angeulizwa kwanza, lakini nani amuulize? Akawa anamtazama mama kwa huzuni, kana kwamba amedhulumiwa. Kuna watu wana macho makavu, lakini yale ya baba yalizidi.

Mama alilia, akakiri kosa, akanyweshwa na Shangazi maji ya mizizi mbele yao wote. Waliridhika sana.

Hakuna aliyenigeukia mimi kuuliza mtoto anakula nini. Laiti wangeuliza. Nusu ya uji wake nilikuwa nainywa mimi, kila siku, kisha najazia maji ya mtungini. Nilikuwa na njaa, na mgongo ulikuwa unaniuma. Niliwaona wajinga tangu siku ile, na nilishukuru kwamba ni wajinga.

Kwa woga sikuugusa tena uji wa Yona. Akanawiri. Shangazi akadai jogoo wa ujira wa dawa yake, akapewa, na sifa zake za uganga zikavuka hadi vijiji vya jirani.

Leo Yona anabeba gunia la alizeti peke yake. Mimi ni mkunga. Kazi yangu ni kuwafokea kina Mwaja wa siku hizi. Mwezi uliopita mke wa Yona alijifungua, na mama akamketisha kitandani.

"Mwanangu, jizuie. Mimi nilimbemenda mumeo, nusura nimuue. Mpaka leo namwomba Mungu anisamehe."

Nilikuwa nimekaa ubavuni pake, nakunja nepi. Miaka thelathini nimemdharau Shangazi Mwaja kwa kumbebesha mama kosa lisilo lake. Nikaendelea kukunja.